Mzungu, Minazi na Mkataba wa Miaka 33

Anayefika Jambiani kutafuta kiwanja cha nyumba ya wageni huanza kwa kutazama bahari. Walioandamana naye wanatazama minazi. Wanaihesabu kimyakimya, maana Unguja ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe, na si lazima wawe mtu mmoja. Mnazi wa upande wa kibla huenda ni wa shangazi anayeishi Mwera. Miwili iliyo karibu na kisima ni ya urithi, haijagawiwa tangu mzee afariki. Ule ulioinamia pwani mwenyewe amehamia Dar es Salaam na simu yake haipatikani. Kila mti una fidia yake, na kila fidia ina watu wa kuridhishwa. Mtu aliyeuza nyumba yake Bologna au Hamburg ili aje kukaa karibu na bahari anakuta mazungumzo yake ya kwanza ya biashara hayagusi vitanda wala bei ya chumba. Ni nazi tu, asubuhi hadi jioni.

Mambo haya yana historia. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ya Zanzibar ilifanywa mali ya umma, na sheria ya ardhi ya mwaka 1992 ikashika msimamo huohuo: Mzanzibari hupewa haki ya kuitumia, mgeni hukodishwa. Mkataba unaotajwa sana ni wa miaka 33, nao unaweza kuongezwa. Tanzania Bara mlango ni mwembamba vilevile. Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kenya, Katiba ya 2010 imemwekea mgeni kikomo cha ukodishaji cha miaka 99. Kwa hiyo kuanzia Shela hadi Mikindani, mzungu anayewaandikia ndugu zake kwamba amenunua kiwanja ufukweni amenunua muda. Amelipia zamu.

Naliweka hili mbele kwa sababu naona ndilo linalomtenga anayedumu na anayefungasha baada ya misimu miwili. Wanakuja wa kila namna. Yupo aliyekuja likizo mwezi wa Januari, kaskazi inavuma, akajifunza kuendesha tiara juu ya maji pale Paje na hakutaka tena kurudi ofisini. Wapo mke na mume waliostaafu mapema. Yupo aliyeachika na anataka kuanza upya mahali ambapo hakuna anayemjua, jambo ambalo katika kijiji cha Unguja halipatikani hata kwa fedha. Si Wazungu wa Ulaya peke yao; wamo Waafrika Kusini, wamo Wakenya, na Mtanzania wa Bara aliyetoka Moshi kufungua vyumba sita huku naye, kwa jicho la kijiji, ni mtu wa kuja. Wote wanafika na ndoto inayofanana: vyumba vichache, meza ndefu moja, samaki wa siku hiyo, na mmiliki anayekaa na wageni wake jioni akiwa pekupeku.

Njia halali hupitia ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar, kwa sheha wa shehia, kamisheni ya utalii, mapato, mazingira, kisha uhamiaji kwa kibali cha ukaazi cha daraja A. Sitalizungusha hilo, kila aliyelipitia ana masimulizi yake na yote ni marefu. La kusema ni kwamba wapo wanaoiona njia hiyo ndefu mno, wakaandikisha kila kitu kwa jina la rafiki, mchumba au hata mlinzi. Mambo huenda vizuri mpaka uchumba uvunjike, au rafiki afariki na warithi kumi na mmoja wajitokeze, kila mmoja na hati yake ya haki. Hapo mwenye fedha anagundua kwamba kwa maandishi yeye ni mgeni aliyelala kwenye nyumba ya watu kwa muda mrefu bila kulipa.

Biashara hii si ya jana. Zanzibar ilifungua mlango kwa sheria ya kulinda uwekezaji ya mwaka 1986, baada ya miaka ambayo mgeni alipangiwa Hoteli ya Bwawani ya Serikali na sehemu chache nyingine. Miongoni mwa waliowahi alikuwa Emerson Skeen, Mmarekani kutoka New York aliyefika Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980. Alifungua nyumba ya wageni Mji Mkongwe wakati ambapo majumba mengi ya kale yalikuwa yakimomonyoka, kisha yeye na Thomas Green wakaendesha Emerson & Green katika jumba la Hurumzi, lenye mgahawa juu ya dari ambako wageni walikaa chini kwenye mazulia na kula wakisikiliza adhana za magharibi zikipishana. Baadaye alifungua Emerson Spice. Hakurudi kwao, alifariki mwaka 2014 baada ya kuishi hapa takriban robo karne. Sidhani kuna mgeni aliyebadilisha zaidi namna watu wanavyolifikiria jumba bovu la Mji Mkongwe. Kabla yake lilikuwa mzigo wa familia. Baada yake kila mwenye jumba akaanza kuhesabu vyumba.

Lakini jumba la Mji Mkongwe humfundisha mgeni adabu. Ukuta wake ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari imebebwa na boriti za mikoko. Upana wa chumba uliamuliwa zamani na urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, na kitanda cha samadari kikishaingia hakuna pa kuweka kabati. Mgeni mwenye haraka hupiga saruji, kwa kuwa ni rahisi na hukauka upesi. Saruji hairuhusu ukuta kupumua. Unyevu hubaki ndani, chokaa hubanduka, boriti huoza kwenye ncha zake zilizozama ukutani pasipoonekana na mtu. Tangu mji uingizwe kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, mamlaka ya hifadhi haikuachi ukatoboa dirisha kwa kuwa unataka upepo. Na bado Beit al-Ajaib, jengo kubwa kuliko yote, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Mwenye nyumba ndogo ya wageni aliyekuwa akiahirisha kumwita fundi wa chokaa alipata usingizi mbaya wiki ile.

Pwani ya mashariki somo ni jingine. Picha ambayo mwenye nyumba ameiweka kwenye mtandao wa kukodisha vyumba ilipigwa wakati wa bamvua, maji yamejaa, rangi ya bahari haielezeki. Mgeni anafika saa nne asubuhi maji yamekupwa na bahari iko mbali, karibu na mwamba, na mbele yake kuna uwanja wa mchanga na mwani na wanawake walioinama. Anauliza bahari iko wapi. Mwenye nyumba mzuri huwa amebandika jedwali la maji kujaa na kupwa mapokezini tangu mwaka wake wa kwanza. Wanawake wale wako kazini: kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kabla ya sehemu kubwa ya hoteli hizi kuwepo, na vigingi vyao vina wenyewe kama minazi ilivyo na wenyewe. Tiara zinazoruka juu yao zilikuja baadaye. Wakiona mwani umeng'olewa na kamba za watalii, malalamiko hayaendi kwa mtalii, ambaye Jumapili anapanda ndege. Yanaenda kwa aliyemleta. Na joto la bahari limeshawaharibia aina ya mwani yenye bei nzuri, kwa hiyo hawana subira ya ziada kwa ajili ya mchezo wa mtu.

Kisha kuna maji ya kunywa na kuoga, na hapa ndipo ndoto nyingi huanza kupata kutu. Upande huu wa kisiwa ni maweni, jiwe la matumbawe lenye udongo kiduchu juu. Mvua huzama moja kwa moja kwenye nyufa, na maji yake matamu hukaa kama tabaka jembamba juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya ardhi. Kisima kikichotwa kwa ndoo hudumu vizazi. Kikivutwa kwa pampu kutwa kucha, chumvi hupanda. Mwenye nyumba hulijua hilo kwanza kwenye bomba la bafu, linaloota ukoko wa kijani, kisha kwenye birika la chai, halafu kwenye shuka. Shuka nyeupe ndiyo sura ya biashara yake. Ikifuliwa kwa maji ya chumvichumvi inakuwa ngumu, inageuka rangi ya maziwa ya jana, na mgeni anaandika kwamba vyumba si visafi. Hapo huanza habari ya boza: gari la maji likijaza simtanki mara mbili kwa wiki, kisha kila siku ifikapo Agosti.

Mwaka 2012 shirika la Uingereza la Tourism Concern lilitoa ripoti kuhusu maji katika Kiwengwa, Nungwi na Jambiani. Kaya ya kijijini ilitumia wastani wa lita 93 kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ya wageni kilitumia lita 686, na cha hoteli ya nyota tano lita 3,195. Watu huikumbuka ile namba ya mwisho kwa sababu inakasirisha. Mimi ninayoitazama ni ya katikati, kwa kuwa wenye nyumba ndogo hupenda kujihesabu upande wa kijiji: sisi ni wadogo, tunanunua samaki hapahapa, hatuna bwawa la kuogelea. Hata hivyo chumba kimoja chao kilikunywa zaidi ya mara saba ya familia nzima ya jirani. Jirani hahitaji ripoti kulijua hilo. Anaona bustani ya mgeni ikimwagiliwa saa kumi jioni huku mtoto wake akirudi na dumu tupu.

Umeme nao ulikuwa na zama zake. Kisiwa chote kilitegemea waya mmoja uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Tarehe 21 Mei 2008 ukafa, na Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukafa tena, safari hii kwa takriban miezi mitatu, katikati ya msimu wa kaskazi wenye wageni wengi. Usiku wa kwanza wageni walifurahia mishumaa na kusema wamepata Afrika ya kweli. Usiku wa tatu walidai kurudishiwa fedha. Jenereta lililokusudiwa kuwashwa saa mbili lilinguruma usiku kucha, dizeli ikala faida yote, na wenye majokofu wakawagawia majirani pweza kabla hajaharibika. Wapo waliofunga mwaka ule na hawakufungua tena. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulipoanza kazi mwaka 2013, kwa msaada wa Marekani, walioufurahia zaidi walikuwa wale waliokwisha kuzeeka kwa harufu ya dizeli. Leo umeme bado unakatika, lakini kwa saa.

Yote haya, maji na umeme na makuti yanayovuja masika, yanatatulika kwa fedha. Kuna jambo lisilotatulika kwa fedha, nalo humshtua mgeni kuliko yote: msiba.

Asubuhi, kabla chapati hazijasukumwa, kipaza sauti cha msikiti kinatoa tangazo. Mwenye nyumba amesikia sauti, hakuelewa maneno. Baada ya nusu saa mpishi amesimama mlangoni ameshavaa buibui, nyuma yake kijana wa mapokezi na wa bustani, kofia kichwani.

"Mama, kuna maziko Kibigija. Tunakwenda."

"Ni ndugu yenu?"

"Ni wa kwetu."

"Mtarudi saa ngapi?"

"Tukishazika."

Vyumba vimejaa, watu tisa wanangoja kifungua kinywa, mmoja hali mayai na mwingine ana ndege saa nane. Mama anayeitwa mama na watu wanaomzidi umri anaingia jikoni mwenyewe, anaunguza mkate, anamwaga maziwa. Kwao, mfanyakazi hupewa ruhusa kwa kifo cha mzazi au mwenzi, na sheria inataja siku. Hapa marehemu alikuwa mjomba wa jirani wa mke wa mtu, na hakuna aliyekuwa akiomba ruhusa, waliarifu tu. Anayeng'ang'ania utaratibu wa kwao hukata mshahara wa siku hiyo. Wanaupokea uliokatwa bila neno. Ila siku pampu ikiharibika usiku wa manane, fundi ambaye ni mtoto wa marehemu simu yake inakuwa imezimwa. Mwingine hujifunga kitambaa kichwani, hupeleka mkono wake wa rambirambi, hukaa na wanawake kwenye mkeka saa nzima bila kuelewa maneno, kisha huondoka. Hakuna atakayemshukuru. Lakini mara ya pili tangazo likisikika, kijana wa mapokezi huja mapema zaidi, chai ameshaiandaa kwenye chupa, na amemwacha binamu yake wa kushika zamu.

Ramadhani ni nyepesi kidogo, kwa kuwa tarehe yake hujulikana. Mwenye nyumba huhamishia chakula cha mchana nyuma ya ua, huwaeleza wageni kwamba kula barabarani ni kosa na ni utovu wa adabu, na jioni hukubali kwamba kati ya magharibi na isha hakuna kitakachofanyika. Papasi wa ufukweni, vijana wanaowafuata watalii wakitafuta biashara, ambao kila mwenye nyumba mpya huwaona kama adui, pia huja kueleweka: ni watoto wa watu walewale waliolipwa fidia mara moja, fedha ikaisha, na ufukwe ukabaki wa wengine.

Machi 2020 ndege zilikoma. Zanzibar iliyopokea watalii zaidi ya 530,000 mwaka 2019 ikaishia na takriban 260,000 mwaka ule. Ilifungua tena tarehe 6 Juni 2020, mapema kuliko sehemu nyingi duniani, na majira ya baridi ya Ulaya yakaleta Warusi kwa maelfu, wengi wakielekea hoteli kubwa za kaskazini. Kwa nyumba za vyumba vinane za Jambiani ile miezi mitatu ya katikati ilikuwa mtihani wa aina yake. Kijiji kilirudi baharini na kwenye mwani, kazi ambazo hazikuwa zimesahauliwa. Mwenye nyumba hakuwa na pa kurudi: amekwisha kuuza cha kwao, na mkataba wa ardhi unaendelea kuhesabu miezi hata vyumba vikiwa vitupu. Kuna waliolipa nusu mshahara mpaka akiba ikakauka. Wengine walimwachia mlinzi funguo, wakapanda ndege ya mwisho, na miezi ikapita bila salamu wala shilingi. Vijiji vina kumbukumbu ndefu, na waliporudi walikuta mlinzi amepanda muhogo kwenye bustani ya maua. Mimi namuunga mkono mlinzi.

Sasa tuna tatizo la kinyume chake. Mwaka 2024 watalii walivuka 736,000, na Paje ya leo aliyeijua ya miaka ya tisini hawezi kuitambua. Majengo ya ghorofa ya kununua chumba kimoja kimoja yanamea nyuma ya barabara, na anayekodisha chumba chake kwa simu akiwa Warsaw hahitaji mpishi wala meza ndefu wala kuhudhuria maziko. Tovuti za kukodisha vyumba hukata kama asilimia 15 na kuwapanga wote kwenye orodha moja kwa bei na alama. Mwenye nyumba ndogo aliyekuja kwa ajili ya mazungumzo ya jioni anashinda kutwa kwenye simu akijibu malalamiko ya mtu ambaye ameshaondoka, kuhusu jogoo.

Ndiyo maana matangazo ya kuuza yameongezeka. Yakisomwa kwa makini yanaeleza mengi: vyumba saba, mita 40 kutoka ufukweni, kisima, paneli za jua, mkataba umebakiza miaka kadhaa. Hiyo miaka ndiyo bidhaa. Vyumba ni mapambo. Mnunuzi mwenye akili haanzi kwa kutazama hesabu za mauzo. Anakwenda kunywa chai kwa sheha, anauliza kama fidia za miti zilimalizwa na kwa nani, anaonja maji ya kisima mwezi wa Februari, si Mei, na anauliza kama watu wa mapokezi na jikoni watabaki. Wakisema watabaki, bei ni halali. Wakiinamisha vichwa na kusema inshaallah, apunguze theluthi.

Maana watu wa mapokezi nao wana mipango yao. Wapo vijana waliofanya kazi hizi miaka kumi, wakajifunza Kiitaliano jikoni na Kijerumani kwa wageni, wakajua mgeni anachotaka kabla hajakisema, na sasa wamejenga vyumba vitatu, vinne, kwenye viwanja vya familia ng'ambo ya barabara. Hawahitaji kibali cha daraja A wala mkataba wenye mwisho. Wanachokosa ni mtaji wa godoro zuri na jina kwenye tovuti, na bahari haionekani kutoka kwao. Kwa hiyo Agosti nyumba ya mzungu ikijaa, wanaozidi huvushwa barabara kwa kijana. Yeye humlipa bosi wake wa zamani kamisheni kwa kila usiku, asilimia kumi kwa makubaliano ya mdomo, na kila mwisho wa msimu wanabishana kama kifungua kinywa kilikuwa ndani ya hesabu au nje.